Fundi wa Ngamiani anayeshona kondo la nyuma: nyota nne kati ya tano

Nianze na bei, maana najua ndiyo mliyoifuata. Kondo la nyuma la kitambaa, la kufundishia ukunga, pamoja na kamba yake ya kitovu, shilingi 15,000. Mji wa mimba 12,000, ukichukua mitatu anakuachia kwa 30,000. Mtoto mchanga wa kitambaa, mwenye kichwa ambacho unaweza kupapasa utosi ukausikia, 25,000, na hapo usibishane naye kwa sababu kichwa peke yake kinamla siku nzima. Kitambaa chake, sufi yake, uzi wake. Ukienda na vitenge vyako vilivyochakaa anapunguza kidogo, ila ananung'unika.

Duka halina jina wala kibao. Ni kibaraza cha nyumba moja Ngamiani, kwenye zile barabara za katikati zenye namba, cherehani mbili za kukanyaga, benchi la wateja, na kamba yenye kanzu na sare za shule zinazosubiri wenyewe. Mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na tisa huu, na minane ya mwisho nimekuwa nafundisha wanafunzi wa uuguzi na ukunga katika chuo kimoja hapa Tanga. Haya ni maoni ya mteja, si tangazo. Fundi hajui kama naandika, na simu yake ni ya kitochi.

Kwa nini mkunga aende kwa fundi cherehani wakati midoli ya mafunzo ipo? Ipo, tena mizuri. Chuoni tulikuwa nayo kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja, na mtu huyo kila ukimtafuta yuko safari au yuko kikaoni. Mingine ilikuwa bado ndani ya nailoni zake. Tuliitunza kama vile vyombo vya kabatini ambavyo mama zetu walikuwa wakivitoa akija mgeni wa maana tu. Mwanafunzi alikuwa akiiona mara mbili: siku ya kutambulishwa na siku ya mtihani. Katikati ya hapo alikuwa ananakili ubaoni: nawa mikono, vaa glavu, kausha mtoto, msisimue. Ukimwita mbele anakuambia, "Hapa ningenawa mikono, hapa ningevaa glavu." Ningenawa! Kozi nzima ya ukunga ilikuwa ni ya "ninge".

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu midoli yenyewe. Yule wa kwanza kutengeneza sanamu la kufundishia kuokoa pumzi, Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alikuwa mtengeneza midoli ya watoto kabla ya sanamu hilo, Resusci Anne, kutoka mwaka 1960. Mdoli wa kumfundisha mtu kuokoa maisha umetoka mikononi mwa mtu wa vitu vya kuchezea. Na mdoli mzuri wa kichanga una kitu ambacho fundi wangu hawezi hata akikesha: kifua kinapanda pale tu ambapo barakoa imeziba vizuri na shingo imekaa sawasawa. Ukikosea, hakipandi. Kwa zoezi la kumpulizia mtoto pumzi ndani ya ile dakika ya kwanza ya kuzaliwa, usiende kwa fundi. Nenda ukadai ufunguo wa kabati.

Kilichonitoa chuoni nikapanda bajaji mpaka Ngamiani ni habari ya hospitali ya Haydom, kule Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wasiopumua. Miezi saba baadaye walipopimwa, kwenye mdoli walikuwa wamepanda vizuri. Kwenye chumba cha kujifungulia, hakuna kilichobadilika. Baadaye wakabadili utaratibu: mdoli ukawekwa pale pale kazini, mazoezi mafupi ya dakika chache, tena na tena, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli ni ule ule. Nilipolisoma hilo nikatazama kabati letu, nikaona aibu. Halafu nikapiga hesabu: kama siwezi kupata ufunguo kila asubuhi, basi nitafute kitu ambacho hakuna atakayeona kina thamani ya kufungiwa.

Siku ya kwanza nilimkuta fundi anakata kanzu. "Shikamoo fundi." "Marahaba, karibu mwanangu." Nikamtolea picha. Akavaa miwani, akaitazama, akaigeuza. "Hii ini la ng'ombe?" Nikamwambia ni kondo la nyuma. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Na la mbele liko wapi?" Wateja wote benchini wakacheka, na mimi nikajua tutaelewana.

La kwanza lilikuja na kosa ambalo mpaka leo nalipenda. Kamba ya kitovu ina mirija mitatu, mishipa miwili inayotoka kwa mtoto na mmoja unaompelekea. Nilimwambia atie rangi nyekundu na buluu, sikueleza zaidi. Akatia miwili nyekundu, mmoja buluu, kwa mantiki kwamba damu ni nyekundu kwa hiyo nyekundu ndiyo iwe nyingi. Kwenye michoro yetu ni kinyume: ile miwili ni ya buluu kwa sababu inatoa damu iliyokwisha kutumika, na ule mmoja ndio mwekundu, unaoleta damu safi kutoka kwenye kondo. Nilitaka kumrudishia. Kesho yake nikaliweka mezani darasani bila kusema kitu, nikauliza, "Hili lina kosa gani?" Watu thelathini na nne, robo saa nzima ya kubishana. Kuna waliosema fupi, waliosema jembamba. Aliyepata ni binti mmoja wa kutoka Muheza ambaye toka muhula uanze sijawahi kumsikia akifungua mdomo. Kondo hilo sijalirudisha, na kila mwaka ndilo naanza nalo.

Upande wa kondo unaoshikana na mama, fundi ameshona vitonge vilivyopangana kama kaimati kwenye sinia. Kimoja nilimwomba akiweke kwa ule utepe wa kunata unaolia krrr ukiuvuta, ili kitoke. Hapo ndipo pesa yangu ilipojilipa. Wanafunzi wote wanajua kukariri kwamba kondo likitoka likaguliwe kama limekamilika. Basi asubuhi nampa mmoja kondo ndani ya beseni, namwambia aandike alichoona. Siku tatu za mwanzo nililiacha zima. Siku ya nne nikatoa kile kitonge nikakitia mfukoni. Akaandika "limekamilika", akasaini. Sikumsema. Nilitoa mkono mfukoni, nikakiweka juu ya daftari lake. Tangu siku ile darasa zima linahesabu, na wengine wanakagua mpaka mifuko yangu.

Kichwa cha mtoto nacho kina kisa chake. Nilihangaika kumweleza fundi utosi mpaka nikasema neno "mishono", mifupa ya fuvu inakutana kwenye mishono. Akaniangalia kama mtu aliyesikia lugha ya kwao. Mishono anaijua! Pale minne inapokutana, utosi wa mbele, mpana, pembe nne. Pale mitatu inapokutana, wa nyuma, mdogo, pembetatu. "Kwa hiyo mbele kashata, nyuma sambusa," akasema, akaendelea kukata. Nimefundisha utosi kwa miaka, sijawahi kupata maneno ya kumfaa mwanafunzi kama hayo. Sasa mwanafunzi anaweka mkono ndani ya mfuko wa kitenge bila kuchungulia, anapapasa, anasema "sambusa", maana yake mtoto ameinamisha kidevu vizuri, au "kashata", na hapo namwuliza, basi kichwa kimekaaje? Wodini wanajua wasitumie maneno hayo mbele ya mama. Wote isipokuwa mmoja, na yule mama alicheka.

Mtoto wa kwanza alikuja na shingo ngumu kama askari wa gwaride. Nilimrudishia. Kichanga shingo yake haijakaza, na kama mdoli unasimamisha kichwa wenyewe, mwanafunzi hajifunzi kukishika. Akaifumua, akapunguza sufi shingoni na kujaza mchanga kiwiliwili. Uzito ukawa mzuri, kilo mbili na nusu na kitu. Ila mchanga ulivuja wiki ya pili. Sakafu ya darasa ikawa kama ufukwe wa Raskazone. Akarudia kwa kutia mchanga ndani ya mfuko wa nailoni kwanza, tangu hapo hajavuja. Kwa hiyo ukiagiza, sema mapema: mchanga ndani ya nailoni.

Miji ya mimba niliagiza mitatu na nashauri msiagize pungufu. Mmoja umejazwa sufi kidogo, ukiubonyeza unabonyea kama unga uliokandwa. Mmoja umeshindiliwa matambara mpaka umekuwa mgumu kama embe dodo bichi. Wa tatu ni laini, ila mbele yake kuna mfuko mdogo wa kutia puto la maji, ndicho kibofu. Nautandaza mmoja chini ya khanga juu ya meza, mwanafunzi anapapasa bila kuona. Ule laini, yaani ambao haujakaza baada ya mtoto kutoka na ndio unaovujisha damu, kila mtu anauweza siku hizi: anausugua, anauliza sindano ya oksitosini yuniti 10, ya kuukaza, imeshatolewa au bado, anaita msaada. Ule wa kibofu ndio unaowashinda. Wanasugua, wanasugua, hakuna anayewaza kwamba mama ana mkojo umejaa na mji wa mimba hauwezi kukaza vizuri. Nawaacha wahangaike. Zamani ningewaambia baada ya nusu dakika, kwa sababu ukimya wa darasa ulikuwa unanitia wasiwasi, naona kama sifundishi.

Kitu kimoja hakikufanikiwa vizuri. Nilitaka ile nailoni ya kukingia damu yenye alama za kipimo. Utafiti ule mkubwa wa E-MOTIVE, uliotoka mwaka 2023 na Tanzania ilikuwamo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa nailoni ya namna hiyo, na matibabu yote yakaanza kwa mpigo badala ya moja baada ya jingine, madhara makubwa ya kutoka damu baada ya kujifungua yalipungua kwa asilimia 60. Nikampa fundi nailoni ya kufunika meza. Akashona vizuri kabisa, nikamwaga maji, yakatoka kwenye kila tundu la sindano. Tulicheka wote. Akajaribu kuubana mshono kwa pasi juu ya gazeti, ikashika nusu. Kwa darasani inatosha, kwa mama halisi hapana, na nimemwambia asimuuzie mtu kwa kazi hiyo.

Lakini hata hiyo inayovuja imenipa zoezi. Nachukua maji ya choya, mekundu, nusu lita kamili. Namwaga sehemu kwenye khanga, sehemu kwenye pedi, inayobaki sakafuni. Kila mtu anaandika kadirio lake kwenye karatasi kabla ya kusema, la sivyo wote wanamfuata yule mwenye sauti kubwa. Wanaandika 200, 250, mmoja aliandika 100. Kisha natoa chupa tupu ya nusu lita naiweka mezani. Hakuna hotuba ya kutoka damu nyingi ninayoijua inayolifikia lile guno linalofuata.

Sasa niseme kuhusu huduma ya kibarazani. Utakaa benchini sana, kwa hiyo utaona anavyofundisha. Ana vijana wawili. Yule mdogo alikuwa anafundishwa kutia kola. Fundi alishona kola nzima kwa mwendo wake wa kawaida, hakusema neno, kijana katazama. Akashona ya pili polepole, kila hatua anaitaja. Ya tatu fundi ndiye aliyeshona lakini kijana ndiye aliyekuwa anasema: "Sasa geuza, sasa bana hapa." Akikosea kusema, mguu wa fundi unasimama juu ya pedali. Ya nne kijana mwenyewe, kwa mikono na mdomo. Nilishikwa na butwaa. Hizo ni hatua nne ambazo daktari wa upasuaji Rodney Peyton aliziandika mwaka 1998, na ambazo mimi nilifundishwa kwenye semina ya siku tatu yenye vitafunio. Nilimwuliza fundi alijifunza wapi. Akasema marehemu mwalimu wake hakuwa na kitambaa cha kuchezea, kwa hiyo kabla hujagusa cha mteja ilikuwa lazima ukiseme kwanza chote kwa mdomo.

Hatua ya tatu ndiyo niliyokuwa naruka miaka yote. Naonyesha, naeleza, halafu "haya fanya wewe". Nikaanza kuitumia: mimi nafanya, mwanafunzi ananiamuru. Ananiamuru nitoe oksitosini, namwuliza, "Umehakikisha hakuna mtoto wa pili tumboni?" Kimya. Bora kimya hicho kipatikane hapa, juu ya mji wa mimba wa kitenge.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. La kwanza, ahadi. Aliniambia Jumatano, ikawa wiki tatu, kwa sababu Idi ilikuwa karibu na kanzu haziwezi kusubiri kondo la nyuma. Januari pia usiende, ni msimu wa sare. La pili ni zito zaidi. Siku moja yule kijana mkubwa alikata vibaya kitambaa cha mteja, na fundi alimfokea mbele ya benchi zima, kwa maneno ambayo siyaandiki. Kijana aliendelea kushona. Lakini kwa muda wote nilioendelea kukaa pale hakuuliza swali hata moja, na mara mbili nilimwona amekwama na akajifanya anatafuta uzi.

Nilitamani kusema kitu, nikanyamaza, kwa sababu nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, miaka kadhaa nyuma. Alichelewa kubana kitovu. Nilimpandishia sauti palepale, mama yuko kitandani, shangazi wa mama yuko mlangoni. Kuanzia siku ile binti yule alikuwa anasimama ukutani. Alifaulu mtihani, akaajiriwa mbali, sijui anakubali kushika kitovu siku hizi au anawaachia wenzake. Sasa, akikosea mtu, na kama mama na mtoto wako salama, namngoja tutoke nje. Namwuliza kwanza aliona nini na alikuwa anawaza nini. Mara nyingi alichokuwa anawaza kina maana, ila kimekaa mahali pasipo pake, kama ile mirija miwili myekundu.

Na hili msilikose: kazi bora kuliko zote haipo kibarazani. Nilipomwomba fundi anishonee sehemu ya njia ya uzazi, kwa ajili ya kufundisha kushona msamba uliochanika, alikunja picha, akanirudishia. "Hicho mimi sishoni." Nikadhani ndiyo mwisho. Kumbe mkewe alikuwa anasikia nyuma ya pazia. Aliniita ndani, akanipa chai, akaomba picha. Amezaa sita. Aliangalia mchoro wangu wa kitabuni akacheka, akanirekebisha mawili matatu ambayo kwa kweli mchoro umeyapunja. Anatumia sponji ya godoro kwa nyama, kitambaa cha fulana kwa ngozi, na kitambaa chekundu katikati ili mwanafunzi aone tabaka zote tatu, ipi ishonwe kwanza. Shilingi 10,000, na sponji ikichakaa anabadilisha kwa 2,000. Wanafunzi wangu wameshona ile sponji mpaka imekuwa nyuzi tupu. Hakuna aliyeniomba ufunguo.

Mambo madogo: vitu vyake havipendi unyevu. Msimu wa masika sufi inashika harufu, ianike jua la asubuhi, usiifue. Rangi nyekundu ya kitenge cha bei rahisi inachuja ikipata maji ya choya, mwombe satini. Usilipe zote mkononi, toa nusu. Nenda kabla ya adhuhuri, na ukimkuta anaswali subiri benchini, vijana hawapokei oda. Kama unataka kazi ya mkewe, usiseme kwa sauti kibarazani, sema tu umekuja kumsalimia mama.

Wiki iliyopita nimeagiza mtoto mwenye mabega mapana na mikono inayokunjika, kwa ajili ya kufundisha bega linapokwama baada ya kichwa kutoka. Fundi aliniuliza upana wa bega kwa sentimita, nikampa, akaandika ukutani kwa chaki karibu na vipimo vya kanzu ya bwana harusi. Nimeacha 15,000. Amesema Ijumaa. Nitapita Jumatatu.